Kura za Kubenea zilibaki Ubungo

Oktoba 28, 2020, Saed Kubenea aliomba ubunge wa Kinondoni kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, akashindwa. Aliyetangazwa mshindi ni Tarimba Abbas wa CCM. Miaka mitano nyuma, Kubenea huyohuyo, mwandishi na mchapishaji wa gazeti la MwanaHalisi, alikuwa ameingia bungeni kutokea jimbo la jirani la Ubungo kwa tiketi ya Chadema, akimwangusha Dk. Didas Masaburi, aliyewahi kuwa meya wa jiji la Dar es Salaam. Barabara chache tu zinayatenga majimbo hayo mawili. Mtu wa Sinza akivuka barabara yuko Kijitonyama, na wa Mabibo hana safari ndefu kufika Kigogo. Mgombea ni yuleyule na jina ni lilelile. Matokeo hayakufanana hata kidogo.

Kila ninaposikia habari ya Kubenea ikizungumzwa, nakutana na maelezo mawili. Wapo wanaosema alihama chama, wapiga kura wakamwadhibu. Wapo wanaosema 2020 haukuwa uchaguzi, kwa hiyo hakuna cha kuchambua. Yote mawili yana uzito wake, nami nitayagusa. Lakini hakuna kati yake linalojibu swali linalotuhusu sisi watu wa habari, ambao kila uchaguzi unapokaribia huwaona wenzetu wakiaga vyumba vya habari na kwenda kutia nia: hivi kura zilizompeleka mwanahabari bungeni mara ya kwanza zilikuwa za nani?

Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya kura hizo haikuwa yake. Zilikuwa kura za makubaliano ya watu wengine, ya vyama vilivyokubali kumpisha. Makubaliano hayo yalipokosekana, jina lilisimama peke yake, na jina peke yake halitoshi kushinda jimbo hata likiwa kubwa kiasi gani. Kwa Tanzania liko zito zaidi ya hilo, nalo ni kwamba sheria hairuhusu jina lisimame peke yake hata kama mwenyewe angetaka.

Nianze na ukubwa wa jina lenyewe, kwa sababu bila kuuelewa huo mtu anaweza kudhani Kubenea alikuwa mgombea wa kawaida. Januari 5, 2008 watu walimvamia ofisini usiku na kummwagia tindikali usoni. Mwenzake aliyekuwa naye, mwandishi mkongwe Ndimara Tegambwage, alikatwa mapanga. Kubenea alipelekwa India kutibiwa macho. Ulikuwa wakati ambao magazeti machache, MwanaHalisi likiwamo, yalikuwa yakiandika kwa ukali juu ya kashfa ya Richmond, mkataba tata wa umeme wa dharura, na ya EPA, wizi wa mabilioni katika akaunti ya Benki Kuu. Mwezi mmoja baada ya shambulio hilo, Februari 7, 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu kwa sababu ya Richmond. Oktoba mwaka huohuo serikali ikalifungia gazeti kwa miezi mitatu. Julai 2012, baada ya kuandika juu ya kutekwa na kuteswa kwa Dk. Steven Ulimboka, aliyekuwa akiongoza mgomo wa madaktari, likafungiwa kwa muda usiojulikana, na likakaa hivyo hadi Mahakama Kuu ilipolifungulia mwaka 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi.

Kwa hiyo mtu aliyepanda jukwaani Manzese mwaka 2015 hakuwa mtangazaji mwenye sauti tamu tu. Alikuwa na alama mwilini za kazi yake. Wauza magazeti walimjua, makondakta wa daladala walimjua, na kijiwe kizima kilikuwa kimewahi kubishana juu ya kichwa cha habari alichokipitisha yeye. Mtaji wa namna hiyo haununuliwi kwa fulana wala kanga.

Hata hivyo, tazama alivyoingizwa jimboni. Ubungo ya 2015 ilikuwa tayari jimbo la Chadema, kwani John Mnyika alilichukua 2010. Mwaka 2015 jimbo likagawanywa, Mnyika akaenda Kibamba, Ubungo ikawa wazi. Palikuwa na Ukawa, umoja wa Chadema, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, ambao kanuni yake kubwa ilikuwa kutopigana wenyewe kwa wenyewe: jimbo moja, mgombea mmoja. Mpiga kura wa CUF aliyekuwa Manzese hakuwa na mgombea wake wa ubunge pale Ubungo. Alielekezwa kwa Kubenea. Juu ya hayo kulikuwa na wimbi la Lowassa, aliyehamia Chadema Julai 2015 na kupata karibu asilimia 40 ya kura za urais nchi nzima. Mhariri ambaye gazeti lake lilimwandama Lowassa kwa Richmond alipanda bungeni katika msafara ulioongozwa na Lowassa. Simlaumu kwa hilo, maana siasa za vyama ndivyo zilivyo, na aliyetaka kuing'oa CCM mwaka ule hakuwa na msafara mwingine. Lakini linaonyesha kwamba hata mwaka wa ushindi, nguvu iliyombeba ilikuwa imetengenezwa mahali pengine, na baadhi yake imetengenezwa na mtu aliyekuwa akimwandika.

Nimetafuta mfano wa kulinganisha, na uliokaribiana zaidi nimeupata mbali kidogo, Uingereza. Martin Bell alikuwa mwandishi wa vita wa BBC, maarufu kwa suti yake nyeupe. Mwaka 1992 alijeruhiwa na vipande vya bomu Sarajevo mbele ya kamera. Mwaka 1997 alijitosa jimbo la Tatton dhidi ya Neil Hamilton, mbunge wa Conservative aliyekuwa akituhumiwa kupokea fedha ili aulize maswali bungeni. Tatton ilikuwa ngome ya Conservative isiyotikisika. Bell alisimama kama mgombea binafsi, na vyama vya Labour na Liberal Democrats viliwaondoa wagombea wao ili kumpisha. Alishinda kwa tofauti ya kura zaidi ya 11,000. Kwa kuwa alikuwa ameahidi kukaa kipindi kimoja tu Tatton, mwaka 2001 alihamia Brentwood and Ongar kupambana na Eric Pickles wa Conservative. Safari hii Labour na Liberal Democrats hawakumpisha. Waliweka wagombea wao. Bell alishindwa kwa tofauti ya chini ya kura 3,000. Na Tatton ikarudi kwa Conservative, ikamchukua kijana aitwaye George Osborne, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha.

Soma tena aya hiyo ukiweka Ubungo mahali pa Tatton na Kinondoni mahali pa Brentwood. Mwandishi mwenye majeraha ya kazi, jimbo la kwanza analopishwa na wapinzani wengine, kisha jimbo la pili lisilo na wa kumpisha. Lile la kwanza likarudi kwa chama tawala au chama kikubwa. Ubungo ya 2020 ilitangazwa kuwa ya Profesa Kitila Mkumbo wa CCM, mmoja wa waanzilishi wa ACT-Wazalendo ileile ambayo Kubenea alikuwa amehamia. Siasa za Dar es Salaam zina mizunguko yake.

Kuhusu kuhama chama, maelezo ya "alisaliti, akaadhibiwa" ni mepesi mno. Uhusiano wa Kubenea na Chadema ulikuwa umeharibika muda mrefu. Oktoba 2018 Kamati Kuu ya chama ilimwadhibu yeye na Anthony Komu, aliyekuwa mbunge wa Moshi Vijijini, baada ya sauti iliyohusishwa na mazungumzo yao juu ya viongozi wenzao kusambaa mitandaoni. Tangu hapo kila mtu alijua kwamba Ubungo haitakuwa yake tena. Lakini hakuondoka. Kwa nini? Kwa sababu Katiba yetu inamvua ubunge mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni. Ilimbidi akae ndani ya chama kisichomtaka hadi Bunge lilipofikia mwisho katikati ya Juni 2020, ndipo atafute pengine. Kampeni zilianza mwishoni mwa Agosti. Mtu aliyekuwa na miaka mitano ya ubunge alikuwa na wiki chache za kujenga jimbo jipya kwa chama kipya.

Na jimbo hilo jipya lilikuwa limefungwa kwake kwa miaka minne. Hapa ndipo penye jambo ambalo wachambuzi wengi wanalipita. Tangu Julai 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa, isipokuwa kwamba mbunge aliruhusiwa kuzungumza na wananchi katika jimbo lake mwenyewe. Zuio hilo liliondolewa Januari 2023. Kwa maana hiyo, sauti ya Kubenea kati ya 2016 na 2020 ilikuwa na mipaka ya kijiografia. Angeweza kusimama Mabibo, asingeweza kusimama Tandale. Kila mkutano alioufanya kama mbunge, kila mtaro aliousemea, kila msiba aliokwenda, viliwekwa kwenye akaunti ya Ubungo. Alipovuka kwenda Kinondoni alivuka mikono mitupu, ukiacha jina.

Jina nalo lilikuwa limepunguzwa sauti. Januari 2016, miezi michache tu baada ya Kubenea kuapishwa, serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena moja kwa moja mijadala ya Bunge kama ilivyozoeleka. Mwanahabari aliyekwenda bungeni akitegemea kwamba atasikika nchi nzima alijikuta katika ukumbi ambao wananchi wake hawauoni mchana. Septemba 2017 MwanaHalisi likafungiwa tena, safari hii kwa miezi 24. Mahakama Kuu ilibatilisha adhabu hiyo Julai 2018, lakini Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka gazeti liwe na leseni, na leseni ilirudi mikononi mwa MwanaHalisi Februari 2022, wakati waziri mwenye dhamana, Nape Nnauye, alipoyaachia magazeti manne kwa mpigo: MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Kubenea wa 2015 aliomba kura gazeti lake likiwa limetoka kufunguliwa na mahakama na kila mtu akilizungumzia. Kubenea wa 2020 alikuwa mchapishaji asiye na gazeti la kuchapisha. Alibaki na toleo la mtandaoni, ambalo halifiki meza ya kahawa ya Mwananyamala kama gazeti lilivyokuwa likifika.

Sasa tuingie Kinondoni yenyewe, maana kuna watu wanadhani majimbo ya mjini yanafanana. Kinondoni ilikuwa na historia yake na wagombea wa upinzani, na historia hiyo ilikuwa na doa la damu. Mwaka 2015 ilichukuliwa na Maulid Mtulia wa CUF kwa mpango uleule wa Ukawa. Desemba 2017 Mtulia akajiuzulu, akahamia CCM, na katika uchaguzi mdogo wa Februari 17, 2018 akagombea tena kwa tiketi ya chama chake kipya. Chadema ilimsimamisha Salum Mwalimu, Naibu Katibu Mkuu wake wa Zanzibar, ambaye naye alitokea kwenye uandishi wa habari. Siku moja kabla ya kura, viongozi na wafuasi wa Chadema waliandamana kudai barua za viapo za mawakala wao. Polisi walifyatua risasi kutawanya watu, na risasi ikamuua mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa ndani ya daladala, hana habari na mawakala wala na viapo. Kesho yake watu wachache walikwenda vituoni. Mtulia akatangazwa mshindi.

Kwa hiyo ndani ya miaka mitatu Kinondoni iliona wanahabari wawili wakiliomba jimbo na kulikosa. Ukimsikia mtu anasema wananchi wa Kinondoni hawapendi waandishi, mwambie apitie upya mtiririko huo wa matukio. Watu wa pale walikuwa wamempigia kura mpinzani 2015, wakamwona akihama na kura zao. Wakaombwa warudi kituoni, na siku ya kuamkia uchaguzi binti wa watu akauawa kwenye gari la abiria. Mgombea anayefuata wa upinzani, awe mwandishi au mwashi, anarithi uchovu huo.

Kisha ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 24, 2019. Vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Hili linaonekana dogo ukilitazama kutoka studio, lakini mtu aliyewahi kusimamia kampeni analijua uzito wake. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayejua nani kahamia, nani kafiwa, kijana gani hana kazi na mama gani ana kikundi cha vikoba. Ndiye anayegongewa mlango na mtu anayetafuta barua ya utambulisho ili apate mkopo au amdhamini ndugu yake. Mwaka 2020 mgombea wa CCM aliingia Magomeni, Ndugumbi na Hananasif akiwa na wenyeviti, mabalozi na mashina. Mgombea wa ACT-Wazalendo aliingia akiwa na wafuasi, na wafuasi si mtandao wa kusaka na kulinda kura.

Tarimba Abbas naye hakuwa mgeni. Tunapenda kumzungumzia Kubenea kama nyota aliyeshindwa na mashine, tukasahau kwamba mshindi naye alikuwa na jina. Amewahi kuwa kiongozi wa juu wa Yanga, na alikuwa mtendaji wa kampuni ya SportPesa katika miaka ambayo nembo yake ilikuwa kifuani kwa Simba na Yanga zote mbili. Katika mji ambao watu huamka na mpira na kulala na mpira, huo ni umaarufu unaofika kwa vijana ambao hawajawahi kununua gazeti la uchunguzi. Umaarufu wa mwandishi wa uchunguzi ni wa heshima, lakini una mipaka ya rika na ya usomaji. Aliyekuwa na umri wa miaka 18 mwaka 2020 alikuwa mtoto wa darasa la kwanza au chekechea Kubenea alipomwagiwa tindikali. Sidhani kama timu ya kampeni iliwahi kulipigia hesabu hilo.

Na kulikuwa na suala la wapinzani wenyewe kwa wenyewe. Chadema ilimsimamisha Susan Lyimo, mbunge wa muda mrefu wa viti maalumu na msemaji wa upinzani katika elimu, mwanamke anayejulikana vizuri Kinondoni. Hakukuwa na Ukawa. Mabadiliko ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2019 yaliweka utaratibu wa vyama kuungana, kwa sharti la kukamilisha makubaliano miezi mitatu kabla ya uchaguzi mkuu, na muda huo ulipita bila muungano. Matokeo yake yalikuwa mkanganyiko. Kiongozi wa ACT-Wazalendo, Zitto Kabwe, aliwaomba Watanzania wampe Tundu Lissu wa Chadema kura ya urais, wakati mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Bernard Membe, akisisitiza kwamba yeye bado yumo. Mjumbe wa nyumba kwa nyumba wa Kubenea alitakiwa kumwambia mama wa Makumbusho: kura ya rais mpe Chadema, ya mbunge usiwape Chadema, tupe sisi. Kwa dakika tatu za mlangoni, ujumbe huo haueleweki. Mwaka 2015 maneno yalikuwa rahisi, Ukawa juu hadi chini.

Haya yote nimeyaeleza nikijua kwamba msomaji ana pingamizi mdomoni. Atasema: hata kama Kubenea angekuwa na kila kitu, angeshinda 2020? Freeman Mbowe hakutangazwa mshindi Hai. Halima Mdee hakutangazwa mshindi Kawe, Zitto hakutangazwa Kigoma Mjini, Joseph Mbilinyi hakutangazwa Mbeya Mjini. Kati ya majimbo 264, CCM ilipata 256. Chadema, iliyokuwa chama kikuu cha upinzani, iliambulia jimbo moja, Nkasi Kaskazini. Chadema na ACT-Wazalendo waliyakataa matokeo, wakilalamika kuwa mawakala wao walizuiwa vituoni na kwamba kura bandia ziliingizwa masandukuni. Tume ya Uchaguzi ilikanusha. Mtandao wa intaneti ulivurugika kuanzia mkesha wa kura, na mitandao ya kijamii haikufunguka bila kutumia njia za kuzunguka.

Pingamizi hilo nalikubali kwa nusu. Ni kweli kwamba matokeo ya jimbo moja la 2020 hayawezi kutumika kama kipimo safi cha thamani ya mgombea wa upinzani, na anayeyatumia kumdhihaki Kubenea anafanya hivyo kwa upofu au kwa makusudi. Lakini hoja ya "haukuwa uchaguzi" ikiachwa itawale, inafuta maswali ambayo tungepaswa kujiuliza hata kama tume ingekuwa ya malaika. Wakala wa kituo ni mfano mmoja. Malalamiko ya mawakala yalikuwa yaleyale ya 2018 Kinondoni hiyohiyo. Mgombea anayetoka kwenye habari anajua kuandika taarifa kali ya kulaani mawakala kuzuiwa. Kazi ngumu ni kuwa na mtu mmoja aliyeapishwa, aliyelishwa, aliyelipiwa nauli na asiyenunulika katika kila kituo cha jimbo lenye kata kumi za Dar es Salaam. Kazi hiyo hufanywa na chama chenye mizizi, na haimalizwi ndani ya wiki tisa.

Mlango wa mahakama nao uko wazi kwa ubunge, tofauti na urais ambao matokeo yake yakishatangazwa na tume hayahojiwi na mahakama yoyote. Lakini anayefungua kesi ya uchaguzi anatakiwa kuweka dhamana ya gharama, hadi shilingi milioni 5 kwa kila mlalamikiwa, na walalamikiwa huwa zaidi ya mmoja. Mwandishi aliyetoka kwenye kampeni hana fedha hiyo. Waandishi wetu wengi hawana hata bima ya afya.

Nirudi kwenye sheria, kwa sababu ndiko ninakoona tatizo kubwa kuliko makosa yoyote ya Kubenea. Ibara ya 67 ya Katiba inasema anayegombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Mchungaji Christopher Mtikila alipambana na sharti hilo maisha yake yote ya kisiasa. Mahakama Kuu ilimpa ushindi, Mahakama ya Rufani ikautengua Juni 2010 ikisema hilo ni jambo la Bunge, na Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha kwetu hapahapa, ikaamua kwamba Tanzania inakiuka haki za raia wake kwa kuwazuia kugombea bila chama. Hukumu ipo, sheria haijabadilika.

Tazama jirani zetu. Mohamed Ali, aliyejulikana Kenya nzima kwa makala za uchunguzi za Jicho Pevu za televisheni ya KTN, aliitaka tiketi ya chama cha ODM katika jimbo la Nyali, Mombasa, mwaka 2017. Tiketi ikamponyoka kwenye mchujo. Angekuwa Tanzania, habari yake ingeishia hapo, au angelazimika kuhemea chama kingine chochote chenye nembo iliyosajiliwa. Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu mgombea huru. Alisimama peke yake, katika jimbo ambalo mbunge wake, Hezron Awiti, alikuwa amekwenda kuwania ugavana, akashinda. Mwaka 2022 akarudi bungeni kwa tiketi ya chama cha UDA. Mtu anaweza kumpenda au kutompenda kama mbunge, hilo ni la watu wa Nyali. Ninachokiona ni kwamba imani waliyokuwa nayo kwa mwandishi wao iliweza kupelekwa kwenye karatasi ya kura bila kupitia mikononi mwa kikao cha chama.

Kwetu imani hiyo lazima ipite kikaoni. Ndani ya CCM inapita kwa wajumbe, wanachama wanaopiga kura za maoni kwa niaba ya wenzao. Julai 2020 zaidi ya wanachama 10,000 walichukua fomu za kuomba ubunge kupitia chama hicho, wakiwamo wasanii, maprofesa, wakuu wa wilaya na watu wa habari, na walipotoka kwenye kura za maoni wakabaki na usemi uliozunguka nchi nzima: wajumbe si watu wazuri. Usemi huo hauwatendei haki wajumbe. Walikuwa watu mia kadhaa wanaoujua mtaa wao, na walimpa kura mtu waliyemzoea. Mtangazaji anayesikika na mamilioni asubuhi alifika mbele yao akiwa sauti isiyo na mwili. Hajawahi kulipa ada ya tawi mbele yao, hajawahi kukaa nao kwenye mkeka wa msiba. Na hata wangempa, Kamati Kuu ina mamlaka ya kuupindua uamuzi wao.

Upande wa upinzani imani inapita kwa uongozi wa chama, na mwandishi ana tatizo lake la pekee huko. Kazi iliyompa jina ni ya kuuliza maswali yasiyopendwa. Chama kinampenda akiuliza nje. Akiuliza ndani, anaitwa msaliti. Sijui kama Kubenea angedumu Chadema hata bila ile sauti ya 2018; mhariri aliyezoea kuamua mwenyewe ukurasa wa kwanza hakai vizuri chini ya nidhamu ya chama chochote. Bell aliulinda uhuru wake kwa kusimama bila chama, akashinda nao mara moja na kushindwa nao mara moja, kwa kura zilizohesabiwa na kila mtu akaziamini. Kubenea hakuwahi kupewa nafasi ya kuujaribu. Kila mara alilazimika kuazima nembo ya mtu, na nembo ikirudi kwa mwenyewe inaondoka na wapiga kura wake.

Februari 2024 Bunge lilipitisha sheria mpya za uchaguzi. Zilibadilisha jina la tume, zikaweka utaratibu wa mgombea aliyebaki peke yake kupigiwa kura ya ndiyo au hapana badala ya kupita bila kupingwa. Mgombea binafsi hakuguswa, kwa kuwa kumgusa kunahitaji kuigusa Katiba. Katika miaka yote tuliyopigania mabadiliko ya Sheria ya Huduma za Habari, sisi watu wa habari tulikuwa na Jukwaa la Wahariri, Baraza la Habari, MISA Tanzania na mawakili wa kujitolea, tukakaa mezani na serikali kifungu kwa kifungu. Nguvu ileile ingeweza kuelekezwa kwenye utekelezaji wa hukumu ya Mtikila. Taaluma yetu inatoa watia nia kila baada ya miaka mitano, na ina haki ya kuidai hukumu hiyo kuliko taaluma nyingi. Wanaotaka kugombea 2030 waanze kuidai sasa wakiwa bado na kalamu na vipaza sauti mikononi, kabla hawajaingia foleni ya kuchukua fomu kwenye ofisi ya chama cha mtu mwingine.